Oktani Baadaye, Kwanza Niambie Habari za Maji: Petroli ya Kuweka Ukiwa Tanga

Chupa mbili za dawa ya kuongeza oktani, kila moja shilingi 35,000, ndizo zilizonikalisha chini niandike haya. Elfu sabini nzima, na gari likaendelea kukohoa vilevile.

Gari langu ni Toyota Mark X, toleo la kwanza, zile zilizotoka kati ya 2004 na 2009. Nilikuwa napandisha Lushoto msibani. Njiani nikajaza kwenye sheli moja ambayo siitaji, sheli tupu kabisa: mimi, kijana wa pampu na kuku wawili. Nilipoipita Mombo na kona za kwenda Soni zilipoanza, gari likawa linavuta na kuacha, linavuta na kuacha, kama mtu mwenye kwikwi. Nikampigia shemeji yangu, ambaye hakuna gari bovu asilolitibu kwa simu. "Shemeji, Mark X inataka oktani kubwa hiyo. Tafuta ile dawa ya chupa."

Chupa ya kwanza nilinunua Ngamiani niliporudi, ya pili wiki iliyofuata. Mwisho nikaenda kwa fundi wangu Makorora. Hakubishana na mtu. Alichomoa paipu ya mafuta, akakinga kwenye chupa tupu ya maji ya nusu lita, akaisimamisha juu ya boneti. "Subiri dada, usiitikise." Tukasubiri. Mstari ukajichora wenyewe: juu petroli na rangi yake, chini vidole viwili vya kitu cheupe kimetulia kama maji ya mtungini. Yalikuwa maji kweli. Petroli ni nyepesi, huelea juu, na pampu ya gari huvuta kutoka chini.

Basi kila msomaji anayeniuliza "dada, niweke oktani ngapi?" namjibu kwa swali: sheli unayojaza, maji wanapima lini?

Lakini nisiiruke oktani, maana imejaa upotoshaji. Namba ile hupima uvumilivu wa mafuta: yanaweza kubanwa na kupata joto kiasi gani ndani ya silinda bila kujiwakia yenyewe, yakingoja moto wa plagi uyafikie. Yanayoshindwa kungoja hulipuka ovyo, na wewe unasikia kokoto zikitikiswa kwenye kopo, hasa ukipanda mlima na gia kubwa. Huko ndiko kugonga, Kiingereza 'knock'. (Si kule kunoki kwa mafundi wetu. Wao wakisema injini imenoki, anza kutafuta hela ya injini nyingine.) Oktani kubwa haimaanishi mafuta yana nguvu zaidi, wala kwamba ni masafi zaidi. Ukiweka 98 kwenye gari lililoundiwa 90, unalipa gharama ya uvumilivu ambao injini yako haiuhitaji.

Na magari yetu mengi hayauhitaji. Kule Japani petroli ya kawaida inatakiwa isipungue oktani 89, na ile ya juu, wanayoiita haioku, isipungue 96. IST, Vitz, Passo na Raum zilizojaa barabara za Ngamiani ziliundiwa ile ya kawaida. Vijana wanaoangalia video za Wamarekani wakaona pampu imeandikwa 87 wasitishike: Wamarekani huandika wastani wa vipimo viwili, na 87 yao ni kama 91 au 92 kwa kipimo kinachotumika Ulaya na Japani.

Anayetakiwa kujali ni mwenye turbo, mwenye gari la Kijerumani, na sisi wa Mark X za mwanzo, ambazo injini yake ya 2.5 hubana mara 12. Fungua kile kifuniko cha nje cha tenki, usome kibandiko kwa ndani. Kama ni Kijapani, elekeza kamera ya simu ikutafsirie. Mimi nilikaa na gari miaka miwili sijawahi kukisoma. Kikisema haioku, gari haliharibiki siku hiyohiyo. Lina sensa inayosikia kugonga na kuchelewesha cheche, ila nguvu inapungua na mafuta yanaliwa zaidi. Hapo shemeji alikuwa na nusu ya haki, na nusu hiyo ameshaitangaza ukoo mzima.

Sasa nipange pa kujaza na vya kuweka, nikianza na ninachokiamini zaidi.

Namba moja kwangu ni sheli za kampuni ya Puma, na sifichi. Najua mtasema nimelipwa. Sijalipwa hata lita. Serikali ina nusu ya hisa mle, lakini sababu yangu si hiyo. Kwenye Puma ninayojaza mimi niliwahi kufika saa moja asubuhi nikamkuta msimamizi ametumbukiza kile kijiti kirefu cha kupimia kwenye tenki la ardhini, nchani kimepakwa dawa ya rangi ya hudhurungi. Nikamuuliza ya nini. Akakitoa akanionyesha: ikikutana na maji inageuka nyekundu. Haikugeuka. Tangu siku ile nikawa mteja.

Namba mbili, sheli yoyote yenye foleni ya daladala na bodaboda, jina lolote. Wenye daladala hujaza kila siku na husemezana. Sheli ikiwatia hasara, jioni hiyohiyo stendi nzima imeshajua. Mafuta yanayouzwa haraka hayakai ardhini kukusanya unyevu, na unyevu wa pwani yetu mnaujua, hata chumvi mezani huloa. Sharti moja tu: ukikuta lori la mafuta linashusha, pita. Takataka na maji ya chini ya tenki yamevurugwa muda ule, acha yatulie.

Namba tatu ni mafuta yenye dawa ya kusafisha nozeli, vile vinavyonyunyiza petroli ndani ya injini. Ni mazuri, lakini kusafisha si kuongeza oktani. Muuzaji akichanganya mambo hayo mawili, muulize namba ni ngapi, umwangalie machoni.

Namba nne, chupa. Jamani chupa. Yangu iliandikwa inaongeza pointi 5. Nikafurahi, nikajua oktani inapanda tano nzima. Kumbe watengenezaji wengi huhesabu pointi moja kuwa sehemu ya kumi ya oktani. Nilinunua nusu oktani kwa 35,000, na muuzaji ananiambia "dada hii hata wazungu wanatumia."

Petroli ya chupa za kando ya barabara: usiweke.

Uchakachuaji, yaani kuchanganya petroli na mafuta ya taa, nao haujafa, ingawa umepungua sana tangu vinasaba (kemikali ya kuyatambulisha mafuta halali) vilipoanza kuwekwa 2010 na ushuru wa mafuta ya taa ulipopandishwa 2011. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno, kwa hiyo yakichanganywa hata gari lisilo na makuu litagonga. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli hukauka ikaondoka. Ikibaki alama ya ugreasi, dai risiti yako ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na uihifadhi. Bila risiti huna kesi.

Bei sasa. Bandari tunayo, meli za mafuta zinashusha hapahapa Tanga, lakini EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikitoa bei kikomo mara nyingi sisi tunakuwa juu kidogo ya Dar. Jirani yangu anasema bomba la Chongoleani likikamilika tutajaza bure. Namwambia mama, lile lina kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na linaleta mafuta ghafi ya kupakiwa melini. Hapa hapana kiwanda cha kuyasafisha. Hataki kusikia.

Kinachonikera hasa ni Jumanne ya kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku bei inapobadilika. Mwezi ikinukia kupanda, kuna sheli ambazo ghafla pampu zote ni mbovu. Mwezi uliopita kijana mmoja aliniambia mtandao umekata. Nikamwambia mwanangu, mimi nina fedha taslimu, mtandao wa nini? Akacheka, akaangalia ofisini, akainamisha kichwa. Asubuhi saa mbili nilipita tena. Mtandao ulikuwa umerudi, na kibao cha bei kilikuwa kipya.