Baldur's Gate 3: sheria zimehama salama, saa ndiyo iliyobaki mezani

Nilikuja kwenye gemu hii nikiwa na miaka miwili ya kucheza Dungeons & Dragons mezani, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu na kitabu cha sheria, watu watano na sahani ya karanga. Kwa hiyo sikuhangaika sana na picha. Nilitaka kuona sheria nilizozizoea zimefanywaje.

Zimo. Larian, studio iliyoitengeneza, wamejenga juu ya toleo la 5 la sheria hizo, na dadu la pande 20 linabingirika mbele yako kila unapombembeleza mlinzi au kuchokonoa kufuli. Ila wamezichezea pia. Kwetu mezani, kumsukuma adui kunakugharimu shambulio. Hapa ni tendo dogo la ziada, ndiyo maana mapambano yangu mengi ya mwanzo yaliisha kwa mtu kudondoka jabalini huku nikicheka peke yangu. Ukitoa 1, umeshindwa hata kama ni mwizi bingwa, wakati kitabuni adhabu hiyo ni ya mashambulizi, si ya ujuzi.

Kilichonishughulisha zaidi ni mwendo. Mezani anayeshika saa ni msimamizi, yule anayesimulia na kuongoza mchezo: mkitaka kulala baada ya kila pambano ili kurudisha nguvu na uchawi, anawaambia amesikia nyayo nje ya pango, na usingizi unaisha. Hapa hakuna wa kukukatalia. Una mapumziko mafupi mawili, kisha usiku mmoja kambini unaokula pointi 40 za chakula, na vyakula vimejaa kwenye kila pipa. Mwanzoni kabisa unaambiwa una kidudu kichwani na siku zako zinahesabika. Mimi niliamini! Nikawa mchoyo wa kulala, nachechemea na wachawi wasio na uchawi. Kumbe hadithi za wahusika unaosafiri nao hutokea kambini usiku, na kwa haraka zangu nilizipita kadhaa.

Nilipoligundua hilo nikaanza kulala ovyo, na mapambano yakawa mepesi kama mchezo wa watoto. Kilichonifaa ni kupandisha ugumu hadi Tactician, ambako usiku mmoja unakula pointi 80. Hapo ndipo nilipoanza tena kuhesabu mikate.

Ukiinunua, tenga GB 150 na diski ya SSD. Mimi niliipakua usiku tatu kwa bando la usiku. Sasa tunacheza wanne mtandaoni, kati ya wale wale wa karanga, na yule msimamizi wetu wa zamani bado anatukataza kulala.