Godoro Lipi Ununue: Mpangilio kwa Kuzingatia Mwili na Mlalo Wako

Katika maduka mengi ya Tanzania na Kenya, godoro huulizwa kwa futi na inchi: 5 kwa 6, inchi 8. Vipimo hivyo havisemi lolote kuhusu uzito wa sponji, yaani kilo zilizomo katika kila mita moja ya ujazo, ilhali ndio unaoamua kwa kiasi kikubwa iwapo godoro litadumu au litabonyea mapema. Godoro la 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8 lina takribani mita za ujazo 0.57, kwa hiyo likitengenezwa kwa sponji ya kilo 18 litakuwa na kilo 10 hivi, kwa sponji ya kilo 25 litafika 14, na kwa ile ya kilo 32 litakaribia 18. Omba mzani, au nyanyua mawili ya kipimo kimoja uyalinganishe, kwani kitambaa cha godoro hupokea maandishi yoyote, hata ya uzito usio wa kweli.

Wengi huamini kwamba mwenye kuumwa kiuno anafaa kulala juu ya godoro gumu kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la The Lancet, uliofanyika Hispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, ulionyesha kuwa waliolalia magodoro ya ugumu wa wastani walipata nafuu zaidi ya waliolalia magumu. Anayelala ubavu anahitaji sehemu ya juu inayoruhusu bega na nyonga kuzama kidogo. Anayelala chali anahitaji ugumu wa wastani. Anayelala kifudifudi anahitaji gumu zaidi, kwa sababu nyonga zikizama kiuno hupinda. Jilaze dukani kwa mlalo wako wa kawaida, hata kama muuzaji atakutazama kwa mshangao. Ukiwa chali, pitisha kiganja chini ya kiuno: kikipita na kuacha nafasi kubwa, godoro ni gumu mno kwako, kikikwama kabisa, ni laini mno.

Nafasi ya kwanza, kwa watu wengi, naipa sponji nzito ya kilo 28 hadi 32 yenye unene wa inchi 8. Mwenye mwili mkubwa achukue inchi 10, na mwepesi anayelala ubavu achague ile iliyoongezewa tabaka laini juu, maana sponji ya uzito uleule huweza kutengenezwa laini au ngumu.

Ya pili ni godoro la springi, hasa lile ambalo kila springi imefungwa katika mfuko wake, ili mmoja akijigeuza mwenzake asitikiswe. Hupitisha hewa vizuri, jambo lenye thamani katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, na lingekuwa la kwanza kama bei yake ingekuwa karibu na ya sponji.

Mpira asilia hushika nafasi ya tatu kwa sababu tu ya gharama na uchache wake sokoni. Kwa ubora hauna mshindani hapa. Inayofuata ni sponji inayojifinyanga kufuata umbo la mwili (memory foam); hupunguza mgandamizo begani, lakini huhifadhi joto, na mkazi wa pwani asiye na kiyoyozi asiinunue.

Godoro la sufi au pamba bado linawafaa wanaopenda mlalo mgumu, mradi wakubali kulianika juani na kulichambua, kwani hushikamana na kufanya mabonge.

Sponji nyepesi ya chini ya kilo 20 inakuja mwisho. Inatosha kwa mtoto au chumba cha wageni; mtu mzima akiilalia kila usiku atachimba shimo.

Kabla ya kulipa, kagua pia kitanda. Chaga zilizoachana zaidi ya inchi 3 huliacha godoro likining'inia katikati yake, na dhamana nyingi hazilipi uharibifu wa namna hiyo.