Shule ya kati yenye alama 3 kati ya 10: ichukuliwe au ikimbiwe?

Mtoto akikaribia kumaliza darasa la 5 katika jiji la Marekani, kwa kawaida wilaya ya elimu humpa nafasi kwenye shule ya kati ya mtaa wake: darasa la 6 hadi la 8, umri wa miaka 11 hadi 14. Ni bure na iko karibu. Halafu mzazi mmoja anafungua GreatSchools, tovuti inayozipa shule alama 1 hadi 10, anakuta 3, na usiku huo hakuna anayelala mapema. Mmoja anataka wahamie viunga vya jiji, mwenzake anapiga hesabu ya kodi ya nyumba na kutikisa kichwa. Wote wawili wanabishania namba inayosema mengi kuhusu wazazi wa wanafunzi na machache kuhusu walimu wao.

Namba hiyo hutegemea sana mitihani ya jimbo. Mtihani anaofanya mtoto wa darasa la 6 majira ya kuchipua hupima yote aliyoyabeba tangu utotoni: vitabu alivyosomewa, shule ya msingi aliyotoka, mara ngapi familia imehama. Shule ya kati imekaa naye miezi saba au minane tu. Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford, alipochambua matokeo ya wilaya za elimu nchini kote, aliona kwamba wastani wa alama hufuata sana hali ya kiuchumi ya familia, lakini kasi ya watoto kujifunza mwaka hadi mwaka haifuati kwa nguvu hiyo. Chicago, mji ambao shule zake zimezoea kusemwa vibaya, wanafunzi wake walipiga hatua ya takriban miaka 6 ya masomo ndani ya miaka 5, kati ya 2009 na 2014.

Kwa hiyo acha GreatSchools na uende kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo. ESSA, sheria ya elimu ya shirikisho ya 2015, inalazimisha kila jimbo kuchapisha ripoti ya kila shule ya umma, na humo mna vitu ambavyo alama ya jumla huvifunika. Cha kwanza ni ukuaji: watoto walioanza na alama zinazolingana, wa shule hii wamesogea zaidi au pungufu ya wenzao jimboni? Shule yenye ufaulu wa asilimia 22 na ukuaji ulio juu ya wastani inafundisha. Yenye ufaulu wa 60 na ukuaji wa chini inakula jasho la shule za msingi zilizoitangulia. Soma miaka mitatu kwa pamoja, maana shule yenye wanafunzi 300 namba zake huruka kwa sababu ya kundi moja tu la watoto.

Cha pili ni utoro sugu, yaani wanafunzi wanaokosa angalau asilimia 10 ya siku za shule. Mwaka ukiwa na siku 180, hizo ni 18. Hapa usimwangalie mtoto wako peke yake. Theluthi moja ya darasa ikiwa kwenye kundi hilo, mwalimu hana budi kufundisha somo la Jumatatu upya siku ya Alhamisi, na mtoto aliyehudhuria siku zote anakaa akisubiri.

Cha tatu hupitwa na wazazi wengi: matokeo yaliyogawanywa kwa makundi, kama vile wanafunzi weusi, wanaojifunza Kiingereza, wa familia za kipato cha chini. Chukua ripoti ya ile shule ya viungani yenye alama 8, utafute mstari wa watoto wanaofanana na wako, uulinganishe na mstari uleule wa shule ya mjini. Mara nyingine pengo kubwa la jumla hupungua sana kwenye mstari huo, na unagundua ulikuwa karibu kulipa kodi ya juu kununua wastani wa watoto wa watu wengine.

Asilimia ya wanaokula bure shuleni, ambayo wengi huichukua kama kipimo cha umaskini, iache. Chini ya mpango wa shirikisho, shule yenye idadi fulani ya familia zinazopokea misaada ya serikali inaruhusiwa kulisha wanafunzi wote bure, na kiwango cha kuingia kilishushwa kutoka asilimia 40 hadi 25 mwaka 2023. Shule iliyoandikiwa asilimia 100 inaweza kuwa na familia za kila namna.

Vilevile, ukikuta shule imeorodheshwa katika asilimia 5 ya chini kabisa ya zile zinazopokea fedha za Title I, yaani msaada wa shirikisho kwa shule zenye watoto wengi wa kipato cha chini, usizimie. Jimbo hutakiwa kupanga orodha hiyo angalau mara moja kila miaka mitatu, kwa hiyo jina linaweza kubaki hata baada ya hali kubadilika. Faida yake ni kwamba shule hiyo lazima iwe na mpango wa kuboresha, na mpango huo una haki ya kuusoma. Angalia fedha zimeelekezwa wapi: walimu wa ziada wa hisabati na kusoma, au semina na washauri wa kupita.

Ugonjwa halisi wa shule hizi ni kuyumba. Unaanza hivi: familia zinahama, idadi ya wanafunzi inashuka, na kwa kuwa bajeti humfuata mwanafunzi, nafasi za kazi zinapunguzwa. Katika wilaya nyingi hesabu rasmi hufanywa vuli, masomo yakiwa yameshaanza. Watoto wakipungua, darasa moja linavunjwa, mawili yanaunganishwa, na mara nyingi anayeondoka ni mwalimu mwenye miaka michache kazini. Nafasi inayofunguka baadaye hujazwa na mgeni mwingine. Fedha za shirikisho za Covid nazo ziliongeza mtikisiko: muda wa wilaya kuziwekea mikataba uliisha Septemba 30, 2024, na shule zilizokuwa zimeajiri wakufunzi na wasaidizi kwa mfuko huo zikabaki na pengo.

Mwalimu akiondoka Novemba, kumpata mwenye cheti cha somo hilo katikati ya mwaka ni kama kutafuta maji juani. Darasa hukabidhiwa mwalimu wa kujaza nafasi, ambaye leo ni huyu na kesho ni mwingine. Hapa mzazi ana kifaa asichokitumia. Shule inayopokea fedha za Title I inapaswa kukuarifu mtoto akifundishwa wiki 4 mfululizo au zaidi na mtu asiyetimiza masharti ya jimbo ya cheti. Zaidi ya hapo, unaweza kuomba wakati wowote kuelezwa sifa za kitaaluma za mwalimu wake. Omba kwa maandishi, uandike tarehe, ubaki na nakala. Maneno ya mlangoni hayana kumbukumbu.

Maswali ya kumuuliza mwalimu mkuu yanatoka hapohapo. Ana mwaka wa ngapi shuleni? Kati ya walimu wa hisabati na sayansi wa mwaka juzi, wangapi bado wapo? Mwaka jana darasa gani lilikaa bila mwalimu wa kudumu, na kwa muda gani? Anayeongoza vizuri hujibu kwa majina na miezi. Anayekupa hotuba kuhusu maono ya shule pengine majibu anayo, ila hayapendezi.

Hisabati inastahili mazungumzo yake peke yake, kwa sababu ndipo shule ya kati inapofunga au kufungua mlango wa mbele. Mtoto anayemaliza Aljebra I darasa la 8 anapata nafasi ya kufanya jiometri la 9, Aljebra II la 10, maandalizi ya kalkulasi la 11, na kalkulasi yenyewe la 12. Anayeanza Aljebra I darasa la 9 hukosa mwaka mmoja mwishoni, isipokuwa asome masomo mawili ya hisabati kwa mwaka mmoja au atumie likizo ya kiangazi. Hili haliko kwenye shule dhaifu peke yake: San Francisco iliiondoa aljebra darasa la 8 katika wilaya nzima mwaka 2014, na Machi 2024 wapiga kura waliitaka irudi.

Katika shule inayosuasua kikwazo huwa cha kawaida kabisa: wanafunzi walio tayari ni 11, na kwa bajeti ya sasa darasa la watu 11 halilipiki. Basi wanawekwa mbele ya kompyuta na msimamizi asiyejua somo, au wanapelekwa sekondari ya jirani kipindi cha kwanza, au somo linafutwa kimyakimya. Ukiambiwa "aljebra ipo", uliza zaidi. Inafundishwa ndani ya siku ya shule na mwalimu mwenye cheti cha hisabati? Walioanza mwaka jana walikuwa wangapi, na waliofaulu mtihani wa mwisho ni wangapi? Mtoto huchaguliwa kwa mtihani au kwa pendekezo la mwalimu? Na lini? Uchaguzi huo mara nyingi hufanywa mwishoni mwa darasa la 5 au la 6, kwa kuwa mada za miaka mitatu lazima zibanwe katika miwili. Mzazi anayekuja kuuliza darasa la 7 likiisha amechelewa.

Kwa nyumba inayozungumza Kiswahili kuna mtego mwingine. Fomu ya kujiandikisha huuliza lugha ya nyumbani, na ukijibu Kiswahili mtoto hupimwa Kiingereza hata kama amezaliwa Ohio. Jibu ukweli, kipimo hakimdhuru anayeijua lugha. Akiwekwa kwenye mafunzo ya Kiingereza, shule ina siku 30 tangu mwaka uanze kukujulisha, na unaruhusiwa kukataa. Kabla ya kukataa au kukubali, uliza kipindi hicho kinachukua nafasi ya somo gani. Kikila muziki, hasara inavumilika. Kikila sayansi kwa miaka mitatu, mtoto ataingia sekondari akiwa na shimo. Mkalimani ni haki yako na hulipii. Usimtumie mtoto kutafsiri kikao kinachomhusu yeye mwenyewe, atakutafsiria anachotaka usikie.

Ziara ifanye mchana wa siku ya kazi. Jioni ya kukaribisha wazazi kila shule hung'aa. Simama ukumbini kengele inapolia: walimu wako milangoni, au wamebaki ndani? Dakika ngapi zinapita hadi ukumbi utulie? Siku yenye vipindi saba ina mabadiliko sita. Kila moja likipoteza dakika 5 za ziada, ni nusu saa ya masomo kwa siku. Chungulia kama vyoo vimefungwa kwa kufuli, ishara kwamba watu wazima hawatoshi kusimamia. Kisha kaa nyuma ya darasa la hisabati dakika 15, uhesabu wangapi wanaandika.

Kuhusu nidhamu, takwimu za haki za kiraia za serikali ya shirikisho huonyesha waliosimamishwa masomo kwa kila shule. Idadi kubwa ni mbaya, lakini sifuri nayo iulizie: kuna shule zinazompigia mzazi simu "amchukue leo apumzike" na hakuna kinachoandikwa. Mshauri wa wanafunzi naye mhesabu. Chama cha taaluma yao kinapendekeza wanafunzi 250 kwa mshauri mmoja, na 500 kwa mmoja maana yake mtoto mkimya hataonekana.

Mtoto mwenye mahitaji maalumu ndiye ambaye shule yenye nafasi nyingi wazi humwangusha kuliko wote, kwa kuwa mpango wake wa masomo unaweza kuandikwa vizuri na mtekelezaji asiwepo. Kwake jibu letu ni hapana, mpaka mwalimu husika aonekane kwa macho.

Njia mbadala nazo zina mitego. Shule za mkataba (charter), yaani shule za umma zinazojiendesha kwa mkataba, zilizoanza na sheria ya Minnesota ya 1991, ni bure na huingiwa kwa bahati nasibu maombi yakizidi nafasi. Waulize: walioanza darasa la 6 wakiwa 100, walifika la 8 wangapi, na walioondoka nafasi zao zilijazwa? Shule zinazopanda kwa kupungukiwa watoto wagumu zina alama nzuri za kuazima. Shule teule za sanaa au sayansi ni nzuri mara nyingi, ila pima safari: basi la saa moja na dakika kumi kwenda na hivyohivyo kurudi ni zaidi ya saa 11 kwa wiki, na mazoezi ya baada ya masomo yanakufa.

Uamuzi wetu: ukuaji ukiwa wa wastani au juu yake, mwalimu mkuu akiwa na angalau mwaka wa tatu, na aljebra ya kweli ikiwepo, ichukue bila aibu hata ikiwa na alama 3. Moja kati ya hayo likikosekana, ichukue ukiwa na familia nyingine. Wazazi kumi wa darasa la 6 wakiomba darasa la aljebra kwa pamoja husikilizwa kuliko mmoja anayelia mara kumi. Ila wasiingie kamati ya wazazi kama wanunuzi wa shule, wenyeji waliopigania jengo hilo wapo. Yakikosekana mawili, iache.

Hata ukiichukua, liache jina la mtoto kwenye orodha ya kusubiri ya shule nyingine, na uulize orodha hiyo hufutwa tarehe gani. Ratiba ya mtoto ikitoka wiki ya kwanza, pita safu ya majina ya walimu kwa kidole. Penye nafasi ambayo bado haina mtu huwa hakuna jina, kuna neno la kuonyesha nafasi iko wazi. Likitokea mara moja, kwenye michezo, vumilia. Likitokea mara mbili na moja ni hisabati, piga simu kwenye ile orodha asubuhi hiyohiyo.