Gulasz au bigos: mchuzi upi wa Kipolandi upikwe nyumbani?

Gulasz, ambao asili yake ni Hungaria ingawa umezoeleka pia Polandi, hutegemea nyama ya ng'ombe yenyewe: vipande vya bega au muundi hufutwa maji, hupakwa unga kidogo, hukaangwa kwa mafungu hadi viwe vya kahawia, kisha huchemka polepole pamoja na vitunguu vingi na paprika (unga wa pilipili nyekundu) kwa saa 2 hadi 3, mpaka nyuzi ngumu zilainike na kuupa mchuzi uzito. Sufuria ikijazwa nyama yote kwa mara moja, nyama hutoa maji na kutokota badala ya kukaangika. Paprika nayo huungua upesi na kuwa chungu, hivyo moto upunguzwe kabla ya kuitia.

Bigos huchanganya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, soseji, uyoga wa porini uliokaushwa na kabichi iliyochachushwa, ambayo ukali wake hupoa kila mchuzi unapopashwa moto upya, na ndiyo maana Wapolandi wengi huupika siku chache kabla ya kuula. Sufuria ya alumini haifai hapa, kwa kuwa huathiriwa na asidi ya kabichi.

Kwa anayeanza, nauchagua gulasz bila kusita, hasa ukiandaliwa na placki, yaani chapati za viazi vilivyokunwa, pamoja na matango yaliyochachushwa kwa maji ya chumvi. Bigos unamfaa mwenye wageni wengi na muda wa kutosha. Asiyekula nguruwe anaweza kutumia ng'ombe pekee, mradi atafute soseji ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi.