Nikon D750 ku arusi za Goma: uzuri wake na shida zake

Wengi tuko nao mu hii kazi ya foto hapa Goma wananiuliza kama fulu-fremu (kamera yenye sensa kubwa, ile sehemu ya ndani inayoshika mwanga) ina maana kweli ao ni kujionyesha tu, basi wacha niandike yote mara moja. Mimi natumia Nikon D750, apareyi (kamera) iliyotoka 2014, niliinunua ya okazi, yaani imeshatumika, na kazi yangu kubwa ni arusi, mahari na ibada. Mbele yake nilikuwa na Nikon ya sensa ndogo, hizi za DX.

Kitu chenye kilinifanya niipende ni kivuli. Goma ni muji wa mawe meusi, chini lava, ukuta lava, na bibi arusi anakuja na robe nyeupe peee, jua la saa sita liko juu yake. Hakuna mtihani mubaya kwa apareyi kupita huo: ukipima mwanga wa robe, sura za watu na suti ya bwana arusi vinaingia kiza, ukipima sura robe inaungua yote, hata dantela haionekani tena. Na D750 napima robe, nachunga tu isiungue, napiga RAW (faili mbichi inayochunga kila kitu sensa ilichoona) ku ISO 100 (ISO njo kipimo cha kupandisha mwanga), kiisha ku ordinatere napandisha vivuli, na sura zinarudi na rangi ya ngozi yao kabisa, bila yale madoa-madoa ya rangi niliyokuwa napata na ile ya zamani. Niko na foto moja bibi arusi amekaa juu ya jiwe la lava, ukiivuta karibu unaona nyuzi za dantela moja moja na pembeni yake yale matundu madogo madogo ya jiwe, vyote viwili mu foto moja, na sikutumia fulashi. Sensa yake ni milimita 36 kwa 24, eneo lake linapita mara mbili ile ya DX, na megapikseli ni 24 tu, kwa hiyo kila pikseli ina nafasi ya kukusanya mwanga.

Usiku sasa njo kabisa. Umeme unakatika katikati ya sherehe, jenereta haijawaka bado, watu wanawasha simu zao na wanaendelea kuimba, na wewe unatakiwa upige ju mama ya bibi arusi analia pale pale. Fokasi ya hii apareyi Nikon wanaihesabu mpaka -3 EV (EV ni kipimo cha mwanga), ni karibu mwanga wa mwezi, na ni kweli inashika. Mimi napanda mpaka ISO 6400 bila kuwaza, chembechembe zinaonekana kidogo lakini foto inaprintiwa vizuri na familia inafurahi. 12800 natumia nikikosa njia ingine.

Tena kuna hii mambo ya nafasi, watu hawaisemi sana. Mahari nyingi zinafanyika mu salon ndogo ya nyumba ya mbao, familia mbili zimejaa, mgongo wako uko ku ukuta tayari. Na DX lensi ya milimita 35 inaona kama ya 52, yaani eneo dogo zaidi, unakata nusu ya wajomba. Ku fulu-fremu 35 ni 35 kweli, wazee wote wanaingia.

Na zile nafasi mbili za karte SD, za kuhifadhi foto! Kila foto inaandikwa mara mbili, karte moja ikikufa ingine iko. Arusi hairudiwi, kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuacha apareyi ya karte moja ukiwa unalipwa na watu. Batri pia ni ya kupongeza, Nikon wanasema karibu foto 1230 kwa chaji moja, na mu muji wenye umeme wa kubahatisha hiyo si kitu kidogo.

Sasa shida, na ziko.

Ya kwanza nukta za fokasi. Ziko 51, jina kubwa, lakini zote zimerundikana katikati. Ukitaka kuweka bibi arusi pembeni kabisa ili ziwa lionekane, nukta haifiki ku jicho lake, unashika fokasi katikati kiisha unasogeza apareyi, na ukiwa ku f/1.8 (tundu la lensi wazi sana, fokasi inakuwa nyembamba) huko kusogeza kidogo tu kunatosha fokasi itoke ku jicho iende ku sikio. Inaniudhi kila arusi. Hizi mpya zisizo na kioo ndani zinafuata jicho mpaka pembeni, hapo D750 imeshindwa, tuseme ukweli.

Ya pili, shata (kile kipazia kinachofungua na kufunga mbele ya sensa) inaishia 1/4000 ya sekunde. Kando ya Kivu saa sita, ISO 100 na f/1.8, ule mwanga unataka karibu 1/8000. Kwa hiyo unafunga mpaka f/2.8, ao unashuka ku ile ISO ya chini inayolingana na 50, ao unaweka filta ya kupunguza mwanga. Ile background laini watu wanaipenda, kwenye jua kali inakudai kazi ya ziada.

Kioo cha nyuma kinainama, kizuri sana kupiga juu ya vichwa vya watu kanisani, lakini ukipiga kwa kutumia hicho kioo fokasi inatafuta-tafuta, inaenda mbele inarudi nyuma, na pete imeshaingia kidoleni. Video inaishia 1080p kwa fremu 60, hakuna 4K. Wateja siku hizi wanataka video pamoja na foto, kama video njo mkate wako tafuta ingine.

Uzito: mwili peke yake gramu 750, ile lensi ya 24-70 f/2.8 G gramu 900, ukibeba hiyo toka asubuhi kwa saluni mpaka usiku bega linajua. Na lensi za fulu-fremu njo zinakula pesa kupita apareyi yenyewe. Zile za DX zinaingia, ndiyo, lakini apareyi inakata picha inabaki karibu megapikseli 10, hapo umenunua fulu-fremu ya nini? Anza na lensi ya 50 f/1.8, ni nyepesi na bei yake inavumilika.

Vumbi letu jeusi pia, usibadilishe lensi barabarani pikipiki zikipita, ju fundi wa kumwamini na sensa hapa sijampata, yangu inavuka petite barrière, ule mpaka wa Rwanda, inaenda kusafishwa Kigali.

Ukipata ya okazi, uliza kwanza shata imepiga mara ngapi, ju Nikon waliipima kwa mara 150,000. Omba akupigie foto moja JPEG, ile namba iko ndani ya faili, kuna programu za bure zinaisoma. Kiisha angalia namba ya seria, ujue kama imo mu zile zenye shida: 2015 Nikon wenyewe walitangaza kwamba shata ya baadhi ya D750 inaweza kuacha kivuli ku sehemu ya foto, na wakawa wanaitengeneza bure. Muuzaji akikataa kukuonyesha hizo namba mbili, mwachie apareyi yake.