Taa ya plazma ya watoto: umeme unaonekana, ngurumo je?

Haya jamani karibuni, leo nina hii taa ya plazma, mpira wa kioo wenye vijiumeme vya zambarau ndani, nimemnunulia binti yangu wa miaka 7 maana huku Mwanza mvua za usiku zikitokea ziwani ni radi juu ya radi, na yeye kila ikipiga yuko chini ya kitanda, anauliza mama, nani anapiga?

Naiwasha, oneni. Hapo katikati panatoka umeme wa volti kubwa, na humu ndani hakuna hewa kama yetu, wameweka gesi kidogo kama neoni na argoni, umeme ukipita gesi inawaka. Nikiweka kidole, unakuja kwangu. Hapo ndo nimeipenda, mtoto anaona kwa macho yake kwamba umeme unatafuta njia. Mawinguni nako barafu ndogondogo zinagongana, chaji hasi zinajazana chini ya wingu mpaka hewa inashindwa kuzuia, basi, unashuka. Na ukiisogezea tyubu laiti inawaka mkononi bila waya, binti alipiga kelele nyumba nzima wakaja.

Ila haina ngurumo kabisa. Radi ya kweli inachemsha hewa mpaka nyuzi kama 30,000, wakati uso wa jua ni kama 5,500, hewa inatanuka ghafla, mlio ndo huo. Hii taa haiwezi, nikachukua mfuko wa khaki nikaupuliza nikaupasua, paa! Akaelewa palepale.

Linaloniuma ni hili lingine, mtoto anajifunza kwamba umeme unashikwa. Juzi wingu limefunga, namkuta mlangoni anataka kwenda kuunyooshea kidole, jamani niliishiwa nguvu. Mwaka 2011 Uganda, shule ya msingi Runyanya, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Kwa hiyo usimwachie hii taa peke yake, kaa naye umwambie humu mkondo ni mdogo sana na kioo kinazuia, kule juu hakuna kioo. Ikinguruma tunaingia ndani, mbali na madirisha na mabomba, sio chini ya mwembe. Bibi yangu alikuwa anafunika vioo na kutuvua nguo nyekundu, lakini radi haijali rangi, inapenda kupiga kitu kirefu kilichosimama peke yake.

Siku hizi tunahesabu. Ukiona mwanga anza sekunde, sauti ikifika gawanya kwa 3 unapata kilomita, mwanga unafika papo hapo ila sauti inatembea mita kama 340 tu kwa sekunde. Jana kahesabu 12 akiwa JUU ya kitanda, akasema nne mama, bado iko ziwani.

Bei elfu 45, adapta yake ilikufa wiki ya tatu nikaweka ya simu ya volti 5, inapiga kazi. Kioo ni chembamba, kwa mtoto wa chini ya miaka 6 nisingenunua.