Ukumbi wa harusi Mombasa: kauangalieni nyuma kabla ya mbele

Ukumbi tulimofanyia kupamba kwa mtoto wa dadangu naupa nyota tatu na nusu kati ya tano, na ile nusu ni ya mzee wa jenereta, si ya wenye ukumbi. Jina silitaji kwa kuwa mengi ya lawama tumeshayazungumza na wenyewe.

Nikaha haikutupa shida. Ilifungwa msikitini baada ya Isha, wanaume wakala biriani yao kwenye masinia, wakapeana mikono, wakaenda zao. Taabu hapa kwetu ni usiku wa kupamba: wanawake peke yao, mia nne, mabuibui yamevuliwa, nywele zimeshinda kwa msusi tangu asubuhi, dhahabu zote nje. Ukumbi unaofaa mahafali au mkutano wa benki huenda usifae hapo hata kidogo.

Bi harusi mwenyewe alitaka ufuoni. Hoteli moja ya pwani ya kaskazini ilitupokea vizuri, na juisi ya ukwaju tukanywa. Nikauliza, tarehe hiyo ni bamvua, maji yanapojaa sana, au maji mafu, yanapojaa kidogo? Kijana aliyetutembeza akanitazama tu. Bamvua la Mombasa hujaa alasiri, saa zile zile mpambaji anapotaka kupanga viti, na maji hupanda zaidi ya mita 3 kutoka pale yalipokupwa. Atapanga wapi? Tena ufuo ni wa umma. Mwenye kupita zake kwa miguu huna la kumfanya, na harusi yetu si ya kutazamwa na mpita njia. Dadangu akamaliza maneno: picha za ufuoni mtapiga na mumeo siku nyingine.

Upande wa Nyali tukaona ukumbi mzuri mno, ukuta mzima vioo. Wahudumu wote wanaume. Nilipouliza habari ya wahudumu wa kike nikajibiwa, "Usijali mamangu, tutawaambia wainamishe macho." Tulicheka mpaka kwenye tuktuk.

Huu tuliouchukua uko kisiwani, na hilo peke yake lina thamani yake. Jamaa za bwana harusi ni wa Likoni, sisi wengi wetu Kisauni. Ukumbi ukiwa Mtwapa, wa Likoni atavuka feri, atavuka mji, atavuka daraja la Nyali, kisha arudi usiku na watoto wamelala mabegani. Wenye magari siku hizi huzungukia barabara ya Dongo Kundu, isiyo na feri, lakini bibi zetu hawana magari.

Msimamizi alitaka kuanza kutuonyesha jukwaa. Nikamwambia tuanzie nyuma. Huko nyuma ndiko nyota zao tatu zilikopatikana. Uani kuna nafasi ya kutosha masufuria makubwa ya pilau na kuni zake, sakafu ya saruji, mfereji wa maji na tangi la akiba, na geti la pembeni ambalo wapishi wanaingilia bila kukanyaga ukumbini. Chumba cha bi harusi kiko huko huko, kina choo chake na mlango unaomtoa moja kwa moja penye jukwaa. Kumbi nyingi za mjini bi harusi hupitishwa katikati ya wageni akiwa hajamaliza hata kuvishwa, halafu mtu anajifanya kushangaa anapoingia rasmi. Madirisha yako juu, karibu na dari. Wahudumu walikuwa wanawake wote, na mlangoni palikaa kina mama wawili wakichukua simu za wageni na kutoa vibati vyenye namba. Hata shangazi aliyetoka Dubai, ambaye simu yake huwa haitoki mkononi, aliitoa bila maneno.

Sasa mapungufu. Wanasema ukumbi unaingiza watu mia tano. Unaingiza, kama hakuna jukwaa, hakuna njia ya bi harusi, na hakuna mtu atakayeinuka kucheza chakacha. Kwa harusi ya kweli hesabuni mia nne, na hao wakae wakijibana.

Udi nao ulikuwa kesi. Vyetezo ndani haviruhusiwi, ati mazulia yataungua na viyoyozi vitajaa moshi. Harusi bila udi? Tulivutana hadi wakakubali vyetezo vikae barazani, mgeni afukizwe anapoingia. Nakiri haikuwa mbaya, ila kauli hiyo tungeambiwa kabla ya kulipa.

La umeme ndilo lililoniudhi. Tuliambiwa jenereta yabeba kila kitu. Stima ilipopotea, bi harusi ndiyo kwanza ameketi, jenereta ikabeba taa, spika na feni za ukutani. Viyoyozi vikanyamaza. Ukumbi wa watu mia nne, kaskazi limelegea, milango imefungwa kwa ajili ya stara: wanja ulianza kushuka mashavuni kabla wimbo haujakwisha. Yule mzee wa jenereta, aliyekuwa nje na hakuruhusiwa hata kuchungulia, akagonga mlango wa jikoni akamwita mpishi: zimeni taa zote za uani na friji, atajaribu kuwasha viyoyozi viwili. Viwili vikawaka. Hatukumwomba, na wenye ukumbi hawakumwagiza. Sahani yake ya pilau niliipeleka mwenyewe, na nyama nilimchagulia.

Saa nazo zitazameni vizuri. Kadi zetu ziliandikwa saa mbili usiku, na wageni wakaja saa nne, kama desturi. Ukumbi unafungwa saa sita na kila saa ya ziada inalipiwa. Muziki hauna nyongeza hata ukilipa, maana kuna majirani, na kanuni za kelele za mwaka 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira, msimamizi anazijua kama Fatiha. Tukaamua chakula kitoke bi harusi akiwa bado anavishwa, na hilo liliokoa usiku. Mkitaka mwezi wa Mfungo Mosi, yaani Shawwal, au likizo za Agosti na Desemba, jamaa wa Ughaibuni wanapokuja, ulizieni mapema, kwani mpambaji anaweza kulazimika kusubiri harusi ya jana iondolewe ndipo aanze.

Kwenye bei, chakula cha nje kina ada yake na mafuta ya jenereta hulipwa mbali. Yote mawili yaandikwe kwenye risiti. Arubuni ya uharibifu ilirudishwa kwa M-Pesa ikiwa pungufu, ati kuna kiti kimeingia hina. Nikawatumia picha nilizopiga asubuhi ile kabla mpambaji hajaingia, doa hilo hilo na kiti hicho hicho. Salio likaja jioni yake, bila ujumbe wowote.